Namna ya kufunga taa ya urujuanimno kwenye mtambo wa hewa wa nyumba nzima

Nyumba nyingi za Marekani na Kanada hupashwa joto na kupozwa kwa mtambo mmoja uliowekwa darini, stoo au chini ya nyumba, ambao husukuma hewa vyumbani kwa kupitia mifereji ya bati. Ndani ya mtambo huo mna koili ya kupozea, ambayo msimu wote wa joto hukaa gizani ikiwa imelowa, kwa kuwa unyevu wa hewa hugeuka maji juu ya vibati vyake vyembamba vya alumini na kudondokea kwenye trei iliyo chini yake. Hapo ndipo kuvu na bakteria huota na kufanya utando wa utelezi, na ndipo hutoka ule uvundo unaovuma vyumbani mara feni inapowashwa.

Kazi ambayo taa ya urujuanimno huifanya vizuri nyumbani ni kuumulika utando huo usiku na mchana mpaka ufe. Wauzaji wengi huahidi zaidi ya hapo, yaani kwamba taa itaua virusi vya mafua vilivyomo hewani, na ahadi hiyo inafaa kupokewa kwa tahadhari. Hewa ndani ya mfereji huweza kwenda mita mbili au zaidi kwa sekunde, hivyo kijidudu hupita mbele ya taa kwa muda usiotimiza hata sekunde moja, ilhali koili haiondoki mahali pake. Anayetaka hewa safi zaidi aanze na kichujio bora, kwa mfano cha daraja la 13 kwa kipimo cha MERV, kinachoonyesha uwezo wa kichujio kunasa chembe ndogo, baada ya kuhakikisha kwamba feni yake inaweza kuisukuma hewa kupita humo.

Wakati wa kununua, chagua taa ya mionzi ya UV-C, yaani aina ya urujuanimno inayoua vijidudu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254. Taa zinazotoa pia mionzi ya nanomita 185 hutengeneza ozoni, gesi inayokera mapafu na isiyofaa hasa kwa mwenye pumu. Kwa hiyo tafuta kifaa kilichothibitishwa kwa kiwango cha UL 2998, ambacho maana yake ni kwamba hakitoi ozoni. Angalia pia kama kinatumia volti 120 au volti 24, kwa kuwa cha volti 24 huhitaji transfoma.

Kabla ya kufunga chochote, koili ioshwe. Taa haiondoi vumbi, na kuvu iliyojificha chini ya tabaka la uchafu haifikiwi na mwanga. Kisha zima umeme wa mtambo kwenye breka, ufungue mlango wa sehemu ya koili, na uchunguze kwa tochi mabomba ya gesi ya kupozea na trei vilipo. Hatua hii haitaki haraka hata kidogo: drili ikitoboa koili, gesi yote hutoka, na gharama ya kuitengeneza huzidi bei ya taa mara nyingi. Asiye na hakika amwachie fundi wa viyoyozi.

Mahali panapofaa kwa kawaida ni upande ambao hewa hutokea baada ya kupita kwenye koili, mahali ambapo taa itaumulika uso wa koili kwa upana na trei pia. Toboa tundu kwa kufuata karatasi ya kipimo iliyokuja na kifaa, na ushike taa kwa glavu safi. Ikiguswa kwa vidole vitupu, ifute kwa spiriti, maana mafuta ya ngozi huchafua kioo chake. Mionzi hii hula plastiki polepole, kwa hiyo nyaya, trei ya plastiki, sponji ya kuzuia joto na mifereji laini inayomulikwa moja kwa moja ifunikwe kwa utepe wa alumini, na kichujio kiwe mbali na mwanga huo.

Funga pia swichi ya usalama itakayozima taa mlango unapofunguliwa. Usiitazame taa ikiwaka, hata kwa kuchungulia mara moja, kwani macho huanza kuuma saa kadhaa baadaye kama yaliyotiwa mchanga. Mafundi wa kuchomelea wanaoacha kuvaa miwani wanayajua maumivu hayo. Funga milango yote ndipo urudishe umeme, na kama mwanga wa buluu unavuja kwenye viungo vya bati, zima tena na uzibe.

Taa iachwe ikiwaka hata feni ikiwa imezimwa. Nyingi hudumu takriban saa 9,000, yaani kama mwaka mmoja, na hapa wengi hudanganyika: mwanga wa buluu huendelea kuonekana wakati mionzi yenyewe imekwisha kufifia. Andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye bati karibu na taa, na uibadilishe muda ukifika. Ya zamani ipelekwe kwenye kituo cha kupokea taka hatari, kwa sababu ina zebaki. Ikivunjika ndani ya mfereji, zima feni mara moja, fungua madirisha, na usikusanye vipande kwa mashine ya kufyonza vumbi, kwa kuwa itausambaza mvuke wa zebaki nyumba nzima.