Kompyuta Haisomi Kindle au Kobo: Anza na Kebo

Kifaa cha kusomea vitabu, kama Kindle au Kobo, ambacho mara kinaonekana kwenye kompyuta, mara kimepotea, kwa kawaida hakijafa. Kabla hujakirudisha kwenye hali ya kiwandani na kufuta vitabu vyako vyote, fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, ukibadilisha kitu kimoja tu kila mara, kwani ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kibovu kilikuwa kipi.

Hatua ya 1: Kebo. Kebo kamili ya USB 2.0 ina nyaya nne ndani, mbili za umeme na mbili za data. Kebo nyingi za bei ya chini, hasa zinazouzwa pamoja na taa na feni za kuchaji, zina zile mbili za umeme peke yake, na ndiyo maana Kindle huonyesha alama ya chaji huku kompyuta ikiwa haina habari. Ipime kwa simu yenye tundu la aina hiyohiyo: ikiwa simu inachaji tu bila kukupa chaguo la kuhamisha mafaili, itupe kebo hiyo. Kebo yangu moja ilinihangaisha jioni nzima. Nikiikunja karibu na kichwa cha pini, Kobo inaunganika, nikiiachia, inakata.

Hatua ya 2: Tundu la kifaa. Zima kifaa, mulika ndani kwa tochi, kisha utoe vumbi lililogandamana kwa kijiti cha meno cha mbao. Usitumie sindano.

Hatua ya 3: Tundu la kompyuta. Ondoa kigawanyaji cha USB, uchomeke moja kwa moja. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, kwa kuwa yale ya mbele huunganishwa kwa nyaya za ziada ndani ya kasha.

Hatua ya 4: Kifaa chenyewe. Kobo huuliza kwenye skrini kama ungependa kuunganisha, na usipogusa kitufe cha kukubali itaendelea kuchaji tu. Kindle iliyoganda huwashwa upya kwa kushikilia kitufe cha kuwasha kwa takriban sekunde 40.

Hatua ya 5: Mfumo wa kompyuta. Kwenye Windows, tatizo la kukatika baada ya dakika chache mara nyingi hutokana na kuokoa umeme: fungua Device Manager, ingia katika kila USB Root Hub, kisha uondoe tiki inayoruhusu kompyuta kuizima. Kwenye Linux, andika sudo dmesg -w katika terminali (dirisha la kuandikia amri) kabla ya kuchomeka, uone taarifa za mfumo papo hapo. Mistari ya kuunganika na kukatika ikifuatana bila wewe kugusa chochote, rudi hatua ya 1. Wenye Mac wazingatie kwamba Kindle zilizotoka mwaka 2024 hutumia MTP (njia ya kuhamishia mafaili) badala ya kujitokeza kama diski, na macOS haisomi MTP bila programu ya ziada, kwa hiyo hapo hakuna kilichoharibika. MTP pia haipendi kugombaniwa: ukifungua Calibre (programu ya kupanga vitabu vya kidijitali), funga programu nyingine za kuhamisha mafaili.

Ikiwa Kobo sasa inaonekana lakini inakwama katikati ya kunakili, nakili kwanza vitabu vyako kwenye kompyuta, kisha ukague diski yake kwa zana ya Windows ya kutafuta makosa. Chanzo mara nyingi ni kuchomoa kebo bila kukitoa kifaa kwa usalama, jambo linaloweza kuharibu hata KoboReader.sqlite, faili linalotunza orodha ya vitabu na ukurasa ulioishia.