Timu ya handiboli ya wanawake mji mdogo inapandaje? Tuangalie Itxako

Kama una timu ya handiboli ya mabinti na kila mtu anakwambia huko kwenu padogo hamfiki popote, kaisome klabu ya Itxako ya Estella, mji wa jimbo la Navarra huko kaskazini mwa Uhispania wenye watu kama elfu 14 tu. 2009 wakabeba ligi ya Uhispania na Kombe la EHF (shirikisho la handiboli Ulaya), ligi wakaenda nayo mara 4 mfululizo mpaka 2012, na 2011 wakafika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya wakatolewa na Larvik ya Norway kwa bao moja tu ukijumlisha mechi zote mbili. Inauma.

Haya unaanzaje, tafuta kocha umwache afanye kazi yake. Wao walikuwa na Ambros Martín, jamaa aliondoka 2012 akaenda klabu ya Győr ya Hungary na mwaka uliofuata tu akachukua hiyo Ligi ya Mabingwa iliyomponyoka, so kuweni na subira jamani, msifukuze kocha kwa sababu mmefungwa mechi mbili na mwenyekiti kanuna.

Kikosi sasa. Uwanjani wanaingia 7 na kipa yumo humo, kwa hiyo watu wawili watatu wazuri wanabadilisha timu nzima, wewe chukua mabinti wa hapo hapo kwanza halafu ongeza wazoefu kwenye nafasi chache zenye kazi ngumu. Itxako walikuwa na Nerea Pena, mzaliwa wa Pamplona jirani tu hapo, kisha pivoti Begoña Fernández wa kugombana na mabeki pale mbele ya golikipa, na Alexandrina Barbosa wa kupiga mashuti ya mbali. Ukiwa na hela ya mchezaji mmoja tu mimi ningeanza na kipa, maana kipa mzuri anawapa beki moyo na akidaka anarusha mbele hapo hapo mnapata bao la kukimbia, bao rahisi kuliko yote. Mazoezini kimbizeni sana kurudi nyuma, wengi wanapenda kushambulia tu wakipoteza mpira wanatembea.

Halafu hela, hapa ndo usiwaige kabisa. Jina lao lilifika mpaka kuitwa Itxako Reyno de Navarra, hiyo Reyno de Navarra ilikuwa nembo ya utalii ya serikali ya jimbo, maana yake pesa nyingi zilitegemea wanasiasa. Uchumi wa Uhispania ulipoyumba baada ya 2008 bajeti zikakatwa, mishahara ikachelewa, madeni yakarundikana, 2012 mastaa na kocha wakasepa na 2013 klabu ikafa. Kutoka fainali ya Ulaya mpaka kufunga milango, miaka miwili!

Kwa hiyo kabla hujasaini mtu yeyote andika mishahara ya msimu mzima, ongeza nauli na hoteli za mechi za ugenini (hizo zinakula hela balaa), kisha ulinganishe na pesa iliyoko benki siyo iliyoahidiwa kwenye sherehe. Mdhamini mmoja asibebe zaidi ya nusu, na akaunti ya timu ya watoto iwe tofauti kabisa ili wakubwa wakizama wadogo waendelee kufanya mazoezi Jumatatu.