Gari la V8 la Kimarekani kwa Anayeishi Ughaibuni: Nguvu Yake, Gharama Zake na Thamani Inayobaki

Kwa modeli ya mwaka 2015, kampuni ya Dodge ilitoa Challenger SRT Hellcat, gari la milango miwili lenye nguvu za farasi 707, kwa bei ya kuanzia isiyofika dola 60,000 kabla ya kodi na gharama za kulifikisha kwa muuzaji. Kabla ya hapo, aliyetaka nguvu za kiwango hicho moja kwa moja kutoka kiwandani alilazimika kuelekea kwenye magari ya Kiitaliano na kulipa fedha nyingi zaidi. Chevrolet wakajibu kwa Camaro ZL1 ya farasi 650, Ford wakaleta Mustang Shelby GT500 ya mwaka 2020 yenye farasi 760, na Dodge wenyewe hawakutulia hadi walipofikia Demon 170 ya mwaka 2023, ambayo hutoa farasi 1,025 ikitumia mafuta ya E85, yaani mchanganyiko wa ethanoli na petroli. Magari hayo sasa yamejaa katika soko la mitumba la Marekani na Kanada, na ndugu zetu wengi wanaoishi huko, hasa vijana waliokwisha kupata kazi ya kudumu, huyatazama kwa hamu. Mwongozo huu ni kwa ajili yao, na kwa wale walioko Uingereza na nchi za Ghuba ambao hali yao ni tofauti kidogo.

Tuanze na nguvu yenyewe. Hellcat ina injini ya lita 6.2 yenye silinda nane (V8) na supachaja, yaani pampu ya hewa inayozungushwa kwa mkanda wa injini na kusukuma hewa nyingi ndani ya silinda kuliko injini inavyoweza kuvuta yenyewe. Faida yake ni kwamba nguvu hupatikana mara tu unapokanyaga mafuta. Hasara yake ni joto, kwa sababu hewa iliyobanwa hupata moto, na hewa ya moto hupunguza nguvu, jambo ambalo mkazi wa Phoenix au Muscat hulihisi mapema kuliko mkazi wa Seattle. Kwa takwimu za kiwanda, gari hili hukamilisha robo maili kwa sekunde 11.2 likiwa na matairi yake ya kawaida. Hata hivyo lina uzito wa takriban kilo 2,000 na husukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, kwa hiyo kinachoamua kasi yake mwanzoni ni matairi na mguu wa dereva. Kiwanda chenyewe kililijua hilo, ndiyo maana Hellcat ilikuja na funguo mbili: mwekundu unaofungua nguvu zote, na mweusi unaozuia injini isizidi farasi 500.

Jambo hilo la funguo mbili lingepaswa kumfikirisha mnunuzi. Kabla gia ya tatu haijafika mwisho wake, Hellcat imeshavuka kikomo cha mwendo cha barabara yoyote ya Marekani, na dereva asiyekuwa na kibali cha kudumu cha kuishi nchini humo hana sababu ya kujitafutia kesi ya uendeshaji wa hatari. Kwa maoni yangu, gari lenye thamani bora katika kundi hili ni ndugu yake asiye na supachaja: Challenger, au Charger ya Dodge yenye milango minne, ya aina ya Scat Pack, yenye injini ya lita 6.4 na farasi 485, au Mustang GT ya lita 5.0, ambayo kwa modeli ya 2018 ilikuwa na farasi 460 na tangu 2024 ina farasi 480. Sauti ya silinda nane ni ileile, breki zinatosha, vipuri ni rahisi kupatikana, na tofauti ya bei ya kununua na ya bima ni kubwa kuliko tofauti ya raha utakayoipata barabarani. Anayetaka kweli kukimbia aende kwenye viwanja vya robo maili, ambavyo katika majimbo mengi huwafungulia watu wa kawaida kwa siku maalumu na kwa ada ndogo.

Bima ndiyo inayowaumiza wengi, na huwaumiza baada ya kusaini mkataba. Omba bei kutoka kampuni tatu au zaidi ukitumia namba ya chasi ya gari lenyewe kabla hujatoa hata malipo ya awali. Kijana wa chini ya miaka 25, mwenye leseni mpya ya Marekani, hupangiwa bei ya mgeni asiye na historia hata kama ameendesha Nairobi au Dar es Salaam kwa miaka mingi, kwa hiyo uliza waziwazi kama kampuni inahesabu miaka ya leseni ya nyumbani. Jambo la pili ni wizi. Taasisi ya Highway Loss Data Institute, inayokusanya takwimu za madai ya bima nchini Marekani, iliripoti mwaka 2023 kwamba madai ya wizi wa Charger SRT Hellcat za mwaka 2020 hadi 2022 yalizidi wastani wa magari mengine kwa zaidi ya mara 60. Wezi wengi hutumia vifaa vya kielektroniki kutengeneza ufunguo mpya kwa dakika chache. Dodge walitangaza mwaka 2021 programu ya usalama inayodai namba ya siri, na asiyeiingiza hubakiwa na injini yenye farasi wasiozidi watatu. Ukinunua gari lililotumika, uliza kama programu hiyo imewekwa, kisha tafuta maegesho yenye mlango na kufuli. Anayeegesha barabarani mbele ya jengo la ghorofa angechagua gari jingine.

Mkopo unastahili hesabu ya wazi. Chukua dola 50,000 kwa miezi 72. Kwa riba ya asilimia 6 utalipa karibu dola 829 kwa mwezi, na riba yote itakuwa takriban dola 9,700. Kwa riba ya asilimia 14, ambayo si ajabu kwa mtu ambaye bado hajajenga historia ya mikopo, malipo ya mwezi hupanda hadi dola 1,030 na riba yote hupita dola 24,000, fedha zinazotosha kununua gari jingine zuri la familia. Fahamu pia kwamba gari likipotea au likiharibika kabisa, bima hulipa bei ya soko ya siku hiyo wala hailipi deni lako, na katika miaka ya mwanzo deni huwa kubwa kuliko bei hiyo. Ipo bima ya ziada inayoziba pengo hilo, na kwa gari linaloibwa kiasi hiki ni vyema kuichukua. Aliye na riba ya tarakimu mbili angesubiri mwaka mmoja, alipe kadi yake ya mkopo kwa wakati, kisha arudi.

Mafuta hayahitaji maneno mengi. Hellcat hupimwa rasmi kwa maili 16 kwa galoni, yaani chini kidogo ya kilomita 7 kwa lita. Anayeendesha maili 12,000 kwa mwaka atachoma galoni 750 za petroli ya daraja la juu, wakati gari la kawaida la maili 32 kwa galoni lingetumia nusu yake, tena ya daraja la chini lenye bei nafuu. Matairi yana jambo lake: yale ya majira ya joto yanayokuja na magari haya huwa magumu na kupoteza mshiko baridi inapofika chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Kwa wakazi wa Minnesota, Ontario au Alberta hilo lina maana ya kununua seti ya pili ya matairi ya theluji au kuliweka gari ndani kuanzia Novemba hadi Machi.

Kuhusu thamani inayobaki, yapo maneno mengi ya kujifariji. Ni kweli kwamba Challenger na Charger za V8 ziliacha kuundwa katika kiwanda cha Brampton, Ontario, Desemba 2023, na Camaro nayo ikafikia mwisho kipindi hichohicho. Ni kweli pia kwamba Charger mpya ilikuja kwanza kwa umeme, kisha kwa injini ya silinda sita yenye turbo, na Mustang ikabaki na V8 karibu peke yake katika kundi lake. Lakini uchache wa jina zima si uchache wa kila gari. Challenger Demon ya mwaka 2018 iliundwa kwa idadi ya 3,300 tu, nyingi kati yake zimefunikwa kwenye gereji za matajiri zikiwa na maili chache, na hizo ndizo zinazoshika bei. Hellcat ya kawaida yenye wamiliki watatu, iliyoongezewa nguvu na fundi wa mtaani, ni gari la mtumba kama mengine, na anayelinunua kwa mkopo ghali huku akiliita uwekezaji anajidanganya.

Kabla ya kununua la mtumba, pata ripoti ya historia yake na uangalie kama hati imewekewa alama ya gari lililofutwa na bima kisha likajengwa upya. Dai funguo zote mbili. Sikiliza injini ikiwa baridi: katika injini za V8 za Dodge ziitwazo HEMI, za lita 5.7 na 6.4, mlio wa kugonga usiokwisha baada ya injini kupata moto unaweza kuashiria kuharibika kwa vinyanyua valvu na kamshafti, yaani sehemu zinazofungua valvu za injini, matengenezo ya gharama kubwa. Kagua matairi ya nyuma, kwani mpira uliorukia ndani ya kingo za magurudumu hueleza tabia ya mwenye gari kuliko maneno yake.

Suala la kulirudisha gari nyumbani linahitaji uangalifu. Kenya hairuhusu kwa kawaida kuingiza gari la usukani wa kushoto, wala gari la umri wa zaidi ya miaka 8, na Challenger haikuwahi kuundwa na usukani wa kulia. Mustang ndiyo iliyoanza kutoka kiwandani na usukani wa kulia, kuanzia kizazi cha mwaka 2015, na kwa hiyo ndugu aliyeko Uingereza ana njia ambayo wa Texas hana. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki humpa mkazi anayerejea msamaha wa ushuru kwa gari moja alilolimiliki na kulitumia huko kwa angalau miezi 12, lakini masharti ya ziada yapo, ukubwa wa injini ukiwa miongoni mwa mambo yanayotazamwa, kwa hiyo pata jibu la mamlaka ya mapato kwa maandishi kabla ya kulipa meli. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, na huko usukani wa kushoto si kikwazo, ingawa ushuru na fundi anayeijua supachaja hubaki kuwa maswali.

Kwa walioko Oman na Falme za Kiarabu, magari haya yapo tele na mengine huletwa kutoka minada ya Marekani yakiwa yamegongwa, yakatengenezwa na kupakwa rangi upya. Namba ya chasi ikichunguzwa katika kumbukumbu za Marekani hufichua mengi. Kumbuka pia namba za petroli. Hellcat inadai oktani (kipimo cha daraja la petroli) 91, lakini hiyo ni 91 kwa kipimo cha Kimarekani, inayolingana na takriban 95 ya pampu za Ghuba. Ukisimama kituoni Muscat na kujaza 91 kwa sababu kitabu cha gari kinasema 91, umeipa injini mafuta ya daraja la chini ya lile inalolihitaji, na katika joto la Julai injini yenye supachaja hailisamehi kosa hilo kwa urahisi.