Kuwasoma Wayahudi wa Misri ya kale kwa mafunjo, ukiwa Mbeya

Jamani wa Mbeya na Iringa, huhitaji kupanda ndege, bando tu linatosha. Ingia papyri.info, tovuti ya mafunjo (maandishi ya kale kwenye karatasi za mmea wa mafunjo), ni bure, ila anza na karatasi moja usirukie kumi. Mi nashauri ile ya Oxyrhynchus, mji wa Misri ya kale, ya mwaka 291, sinagogi linalipa talanta 14 za fedha kumkomboa mtumwa Paramone, miaka 40, na wanawe wawili. Sasa jiulize hela katoa nani, maana baada ya uasi wao dhidi ya Warumi wa 115–117 Wayahudi wa Misri karibu wapotee kabisa kwenye maandishi, halafu ghafla hawa hapa wana mfuko! Kisha cheki mkataba wa ndoa wa Antinoopolis, mji mwingine wa Misri, mwaka 417, kuna Kigiriki humo kimeandikwa kwa herufi za Kiebrania. Na majina yasikudanganye, Yakobo wa zama hizo anaweza kuwa Mkristo, si Myahudi.