Jinsi ya kumkejeli mbunge kwa kura zake za silaha bila kumzulia

Kejeli nyingi zinazozunguka kwenye simu za Kampala hufa kabla ya jioni kwa sababu zinacheka kitambi. Kitambi hakipigi kura. Ukitaka kejeli inayouma kuhusu bajeti ya ulinzi, anza na karatasi.

Hatua ya 1: Hakikisha hiyo kura ipo

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Bunge la Uganda huamua mambo mengi kwa sauti: wanaounga mkono wanasema ndiyo, wanaopinga wanasema siyo, Spika anatangaza walioshinda. Hakuna jina linaloandikwa. Kura ya kuita majina ni nadra. Ile ya tarehe 20 Desemba 2017, ya kuondoa ukomo wa umri wa rais, ilikuwa hivyo: 315 waliafiki, 62 walikataa, wawili hawakuegemea upande wowote. Kwenye fedha za jeshi usitegemee orodha ya namna hiyo.

Kwa hiyo ukiandika "alipiga kura ya ndiyo kwa vifaru" huku huna jina lake popote, hiyo si kejeli, ni uzushi. Tafuta alichosema kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za maneno ya bungeni, ya siku ile. Kisha fungua ripoti ya Kamati ya Ulinzi na Mambo ya Ndani, nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa saini. Saini ni dhahabu: mtu aliyenguruma kwenye redio Jumatatu na kutia saini Alhamisi amekuandikia nusu ya kazi. Angalia pia kama kuna ripoti ya wachache, yaani ya wajumbe wasiokubaliana na wenzao, na kama jina lake limo au limekwepa.

Kagua na mwaka alioingia bungeni. Aliyeapishwa mara ya kwanza Mei 2016 hawezi kubebeshwa ndiyo ya 2011.

Hatua ya 2: Fuata kalenda ya fedha

Taarifa za sera za wizara hufika bungeni kufikia tarehe 15 Machi, makadirio tarehe 1 Aprili, na bajeti hupitishwa kufikia tarehe 31 Mei. Huo ndio msimu wako. Lakini utamu uko kwenye bajeti ya nyongeza. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inairuhusu serikali kutumia nyongeza isiyozidi asilimia 3 ya bajeti kwanza, kisha kuipeleka bungeni ndani ya miezi minne. Yaani posa inaletwa mtoto akishaanza kutambaa.

Hatua ya 3: Chagua tukio moja

Moja tu. Mfano mzuri ni Sukhoi: mwaka 2011 takriban dola milioni 740 zilichotwa Benki Kuu ya Uganda kulipia ndege sita za kivita aina ya Su-30MK2 kutoka Urusi pamoja na zana nyingine, na idhini ya Bunge ikaombwa baadaye. Usichanganye na helikopta mbovu za Mi-24 zilizonunuliwa Belarus mwaka 1998. Zile zilichunguzwa na tume ya Jaji Julia Sebutinde, na ulikuwa ununuzi wa serikali. Ukimtwika mbunge wa kawaida, msomaji makini anakuacha hapo hapo.

Wabunge kumi wa UPDF, yaani jeshi la Uganda, waache. Kumcheka mwakilishi wa jeshi kwa kuunga mkono bajeti ya jeshi ni kumcheka samaki kwa kulowa.

Hatua ya 4: Hamisha jambo

Toa silaha bungeni, uzipeleke mahali ambapo kila msomaji amewahi kukaa. Mkutano wa harusi unafaa, maana sote tumewahi kubanwa ahadi pale:

Mwenyekiti: Ajenda ya leo ni kuidhinisha ununuzi wa keki.
Mjumbe: Keki ipi?
Mwenyekiti: Ile mliyokula Jumamosi.
Mjumbe: Ilikuwa bei gani?
Mweka hazina: Hiyo ni siri ya usalama wa keki.
Mwenyekiti: Wanaoafiki?
Wote: Ndiyooo!
Mheshimiwa Fulani (akifuta krimu mdomoni): Naomba iandikwe kwamba nilikuwa na mashaka.

Mistari minane inatosha. "Siri" imetoka kwenye fungu la matumizi ya siri, "Jumamosi" imetoka kwenye bajeti ya nyongeza inayoletwa fedha zikishatumika, na mashaka ya mwisho lazima yatoke kwenye Hansadi yenyewe. Kama Fulani wako alipinga waziwazi, futa mstari huo. Kosa linaloua kipande hiki ni kuongeza chini yake "kama zile ndege za Sukhoi". Weka tarehe na kiasi kwenye maelezo ya picha utakayobandika, keki ibaki keki.

Hatua ya 5: Tafsiri bila kutia chumvi

Hansadi ni ya Kiingereza. Ukinukuu, tafsiri sentensi nzima, usikate pale inapokufaa. Maneno ya mheshimiwa ya kawaida, yakiwekwa karibu na krimu, yanachekesha kuliko yale utakayomtungia.

Hatua ya 6: Sheria, kisha kubandika

Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kile cha mawasiliano ya kuudhi. Usishangilie sana: marekebisho ya 2022 yaliongeza makosa mapya, likiwemo la kusambaza taarifa za nia mbaya. Cheka kitendo kilichoandikwa. Usidokeze hongo kama huna ushahidi, hata kwa alama ya kuuliza.

Usitengeneze ukurasa wa Hansadi wa bandia wenye nembo ya Bunge. Utasambazwa WhatsApp bila maelezo yako, na kesho yake mheshimiwa atasimama bungeni akiwa na haki. Neno KEJELI liandikwe ndani ya picha yenyewe, katikati ya maandishi na si pembeni, kwa kuwa pembeni ndipo watu hukata.