Pima udongo kwanza, mbolea baadaye: namna ya kulisha nyasi za nyumbani

Nyasi za uani zikianza kupauka, wengi hukimbilia urea, mbolea ya naitrojeni. Zinarudisha kijani upesi, mwenye nyumba anafurahi, kisha wiki kadhaa baadaye zinapauka tena na mfuko mwingine unafunguliwa. Natunza bustani za nyasi, na nyingi ninazoitwa kuzitazama hazina njaa ya mbolea. Udongo wake ni mchachu mno, au umeshindiliwa na miguu, au umejaa fosforasi ya mbolea za miaka iliyopita huku ukipungukiwa na potasiamu. Ndiyo maana sishauri mtu anunue mfuko wowote kabla udongo haujapimwa.

Kabla ya kuchimba, inama uzitazame nyasi zenyewe. Njano ikianzia kwenye majani ya chini yaliyokomaa, huenda naitrojeni imepungua, kwa sababu mmea huihamisha kutoka majani makuukuu kwenda machanga. Njano ikianzia juu, kwenye majani machanga, na mistari ya jani ikabaki kijani, shuku upungufu wa madini ya chuma. Hapo urea haitatibu kitu. Kisha chukua bisibisi ndefu uichomeke ardhini siku moja baada ya kumwagilia. Ikigoma kabla ya kufika sentimita 10, udongo umeshikana na mizizi haipati hewa. Eneo hilo litobolewe kwanza kwa uma wa bustani.

Hatua ya 1: Chukua sampuli

Hapa ndipo kazi inapoharibika zaidi, kwa hiyo usiwe na haraka. Kama uliweka mbolea au chokaa hivi karibuni, subiri walau wiki sita. Ligawe eneo kadiri linavyotofautiana: pa jua na pa kivuli, mbele na nyuma, pale palipojazwa kifusi wakati wa ujenzi na pale penye udongo wa asili. Kila sehemu iwe na sampuli yake.

Tumia ndoo safi ya plastiki. Ndoo ya mabati huacha zinki kwenye udongo, na ndoo iliyowahi kubeba mbolea itakupa majibu ya ile mbolea. Pita kwa mwendo wa kupinda kulia na kushoto, uchimbe mahali 10 hadi 15. Chomeka koleo wima, litoe, kisha kwenye ukuta wa shimo kata kipande chembamba cha upana wa vidole viwili, kuanzia juu hadi kina cha sentimita 10. Kiwe na unene ule ule juu na chini. Kikiwa kinene juu na chembamba chini, udongo wa juu utazidi na majibu yatapotoka, maana fosforasi na chokaa hukaa zaidi kwenye sentimita chache za juu. Ondoa nyasi na tabaka la majani makavu lililo juu yake, tia udongo ndooni, rudisha pande la nyasi shimoni na ulikanyage.

Vunja mabonge, toa mawe na mizizi, changanya sana. Tandaza kivulini juu ya karatasi safi mpaka ukauke. Usiukaushe jikoni wala kwenye oveni. Nusu kilo inatosha kupeleka maabara. Juu ya mfuko andika sehemu, kina, tarehe, na maneno "nyasi za nyumbani", la sivyo unaweza kupewa ushauri wa shamba la mahindi.

Vipimo vya nyumbani vya kubadilika rangi vinafaa kukisia pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo (namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkubwa). Kwa fosforasi na potasiamu sivitegemei, na vile vya kuchomeka ardhini vyenye mshale sivitumii kabisa.

Hatua ya 2: Ujue udongo wako wakati unasubiri majibu

Jaza theluthi moja ya chupa ya kioo kwa udongo, ongeza maji na kijiko cha sabuni ya unga, tikisa kwa nguvu, iache itulie mezani. Mchanga hutua ndani ya dakika moja au mbili. Chembe za kati hutua kwa saa kadhaa, na mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Tabaka la mchanga likiwa nene, jua kwamba mbolea yako itapenya na kupotea upesi, kwa hiyo utaiweka kidogo kidogo. Mfinyanzi hushika virutubisho vizuri, ila huhitaji chokaa nyingi zaidi ili kubadilisha pH kwa kiwango kile kile.

Hatua ya 3: Soma majibu

Anza na pH. Nyasi nyingi za uani hustawi kati ya 6 na 7. Usidharau tofauti ya namba moja: udongo wa pH 5 una uchachu mara 10 kuliko wa pH 6. Ukishuka chini ya 5.5, fosforasi hunaswa na chuma na aluminiamu, na aluminiamu yenyewe huanza kuumiza mizizi. Ukipanda juu ya 7.5, chuma kinakuwepo ardhini lakini nyasi haziwezi kukifyonza. Kwa hiyo mtu anaweza kumwaga mbolea mwaka mzima na nyasi zikabaki zile zile, kwa kuwa mlango wenyewe umefungwa.

Fosforasi na potasiamu huonyeshwa kuwa chini, ya kutosha au juu. Fosforasi ikiwa juu, nunua mbolea ambayo, kati ya namba tatu zilizoandikwa mfukoni, ya katikati ni sifuri. Ziada haizipi nyasi chochote, na mvua ikiibeba mpaka kwenye bwawa au mto huko hulisha mwani.

Utatafuta naitrojeni kwenye karatasi na pengine usiione. Maabara nyingi haziipimi kwa ajili ya nyasi, kwa sababu hubadilika kila mara kwa joto, mvua na kazi ya vijidudu: kiasi cha leo si kiasi cha mwezi ujao. Naitrojeni hupangwa kwa kufuata aina ya nyasi na kasi yake ya kukua.

Hatua ya 4: Rekebisha pH

Udongo mchachu hutibiwa kwa chokaa ya kilimo. Fuata kiasi kilichoandikwa na maabara, lakini usizidishe kilo 25 kwa mita za mraba 100 kwa mara moja. Ukiambiwa zaidi, igawe na usubiri miezi kadhaa kati ya awamu na awamu. Magnesi ikiwa chini, chagua chokaa ya dolomaiti, na ikiwa inatosha, ya kawaida inafaa. Chokaa ya kupakia kuta usiiguse, ni kali na inaunguza.

Usiweke chokaa pamoja na urea au mbolea yenye amonia. Zikikutana, naitrojeni hugeuka gesi na kupaa. Acha wiki mbili au tatu katikati.

Udongo wenye pH ya juu ni mgumu zaidi kushusha. Udondoshee siki: ukitoa povu, una chokaa yake ya asili, na salfa utakayomwaga ili kuishusha pH itamezwa bila mabadiliko ya maana. Hapo ni afadhali kupulizia nyasi madini ya chuma na kuikubali pH ilivyo.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya mbolea

Namba tatu kwenye mfuko ni asilimia za naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kwa mpangilio huo. Kipimo ninachokifuata ni nusu kilo ya naitrojeni halisi kwa mita za mraba 100, na sivuki hapo kwa mara moja. Kwenye udongo wa kichanga naigawa mara mbili.

Tuseme ua una mita 12 kwa 8, yaani mita za mraba 96, na njia pamoja na maua vinachukua 16. Zinabaki 80. Naitrojeni inayohitajika ni 80 × 0.5 ÷ 100, sawa na kilo 0.4. Sasa gawa kwa asilimia ya mfuko wako. Urea ina 46, kwa hiyo 0.4 ÷ 0.46 ni gramu 870 hivi. CAN (mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu) yenye 27 inahitaji karibu kilo 1.5. NPK, yaani mbolea yenye vyote vitatu, ya 17-17-17 inahitaji kilo 2.35. Ona urea ilivyo kidogo! Gramu 870 kwa ua mzima, wakati wengi humwaga ndoo. Pima kwa mizani.

Weka mbolea nyasi zinapokua kwa nguvu tu. Zikiwa zimelala kwa ukame au baridi, ziache. Mbolea haiamshi nyasi iliyokosa maji.

Mboji nayo naipenda sana, hasa kwenye udongo wa kichanga. Tabaka la nusu sentimita, lisukumwe kwa reki mpaka ncha za majani zionekane. Samadi iwe imeiva kabisa, maana mbichi huunguza na kuleta mbegu za magugu.

Hatua ya 6: Mwaga

Udongo uwe na unyevu, majani yawe makavu. Punje ikinata kwenye jani lenye maji, chumvi yake hufyonza maji ya jani na kuacha doa la kahawia. Gawanya mbolea mafungu mawili sawa. La kwanza limwage ukitembea kwa urefu wa ua, la pili kwa upana, na hapo hutapata michirizi ya kijani na njano. Ukitumia mkono, ichanganye na mchanga mkavu ili isambae sawasawa.

Punje zilizoanguka kwenye sakafu zifagie zirudi kwenye nyasi. Kando ya maji, acha mita 3 bila mbolea. Kisha mwagilia papo hapo, hasa ukitumia urea, ambayo hupoteza amonia ikikaa juu. Panga makopo matatu yenye kuta wima kwenye nyasi na uzime maji yakifika milimita 6 hadi 10. Maji yakianza kutiririka, simamisha, yaache yanywewe, uendelee.

Mahali pamoja funika mita moja ya mraba kwa plastiki kabla ya kumwaga, na uiondoe kabla ya kumwagilia. Baada ya wiki tatu linganisha. Kama hapo hapatofautiani na pengine, nyasi hazikuhitaji mbolea hiyo, na awamu ijayo uiruke.

Hatua ya 7: Baada ya hapo

Acha vipande vya nyasi zilizokatwa vioze pale pale. Vinaweza kurudisha robo ya naitrojeni ya mwaka. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja.

Uliyeweka chokaa, pima tena baada ya mwaka mmoja. Wengine, kila miaka mitatu. Chukua sampuli mwezi ule ule, kina kile kile, na uipeleke maabara ile ile, kwa sababu njia za kupima fosforasi hutofautiana na namba za maabara mbili hazilinganishiki.