Jinsi ya kumaliza Pokémon Emerald bila kukwama, kwa machalii wa Moshi na Chuga wanaoanza

Machalii wengi wakishika Pokémon Emerald, ile gemu ya kukamata viumbe wanaoitwa Pokémon na kuwapiganisha, mara ya kwanza wanakwama pale pale, beji ya tatu (kila bosi wa mji ukimshinda anakupa beji), kwa yule mzee wa umeme wa mji wa Mauville anaitwa Wattson. Sababu nayo ni ile ile: wamemchukua Pokémon waliyepewa mwanzo wakampa levo zote yeye peke yake, wengine watano wapo wapo tu hawajawahi hata kupigana, sasa akija mpinzani ambaye yule mmoja hamuwezi gemu imeisha hapo, mtu anaweka pembeni anasema ni ngumu. Sio ngumu asee. Inataka upange timu na uheshimu zamu yako, basi.

Naanza na mashine yenyewe maana hapo ndo watu wanapigwa hela. Emerald ilitoka Japani 2004, ikaingia Marekani 2005, na ni ya Game Boy Advance. Ila huna haja ya kutafuta Game Boy Advance yenyewe, kaseti yake inaingia pia kwenye Game Boy Advance SP na kwenye Nintendo DS za zamani pamoja na DS Lite, zile zenye tundu kubwa kwa chini. DSi haina hilo tundu, kwaiyo ukipita kwenye vitu vya mtumba pale Kiboriloni au kwa mafundi simu wa mjini ukaona DS bei nzuri, igeuze kwanza uangalie chini kabla hujatoa hela. Mimi ningekushauri SP au DS Lite kwa sababu zinachajiwa na skrini ina taa yake, ile Game Boy Advance ya kwanza inakula betri mbili ndogo na haina taa kabisa, umeme ukikatika usiku unabaki unaisogeza sogeza kwenye mshumaa.

Kaseti feki ni nyingi mno. Ya ukweli plastiki yake ni ya kijani inayoonyesha ndani, karatasi ya mbele inang'aa, na ukiiinamisha kwenye mwanga unaona namba mbili zimegandamizwa kwenye hiyo karatasi. Chungulia pia pale kwenye meno ya shaba, juu yake kidogo kwenye ubao kunaandikwa Nintendo. Feki nyingi zinacheza vizuri mwanzo alafu siku moja unawasha sevu haipo, na hilo linauma kuliko kitu chochote. Alafu kuna jambo linawatisha watu bure: kaseti ya ukweli ikiwa ya zamani inaweza kukuandikia mwanzoni kwamba betri ya ndani imekwisha. Hiyo haijafa. Betri ile ni ya saa tu, kwaiyo matunda uliyopanda hayatakua na vitu vinavyofuata saa havitatokea, lakini sevu inakaa vile vile na gemu unaimaliza fresh.

Haya tuingie ndani. Hii ni gemu ya zamu, kama drafti ya kijiweni, mwenzako akisogeza na wewe unasogeza, hakuna anayekukimbiza. Kila ukipewa zamu jiulize hii zamu inanipa nini. Kupiga ni jibu mojawapo tu. Unaweza kumpooza adui, ukimpooza spidi yake inashuka mpaka robo na kila akitaka kucheza kuna nafasi moja kati ya nne ashindwe kabisa. Unaweza kumtoa Pokémon wako anayeumia ukamwingiza ambaye hilo pigo halimdhuru, hapo umepata zamu ya adui bure. Wanaoanza wanabonyeza pigo la kwanza kwenye orodha mpaka mtu afe, ndo maana wanaona kila bosi ni wa ajabu.

Mwanzoni kabisa Profesa Birch anakimbizwa na Zigzagoon pale Route 101, unachagua mmoja kwenye begi lake. Chukua Mudkip, yule wa maji. Najua Torchic anapendwa, na Treecko ana mashabiki zake wanaojua wanachofanya, ila kama ni mara yako ya kwanza Mudkip anakufungulia njia. Kila Pokémon na kila pigo lina aina yake, na aina moja inaiumiza nyingine: bosi wa kwanza, Roxanne wa Rustboro, ni wa mawe, maji yanamaliza. Mudkip akifika levo 16 anageuka Marshtomp, anakuwa maji na ardhi kwa pamoja, na hapo hapo anajifunza Mud Shot. Aliye wa ardhi umeme haumgusi hata kidogo, kwaiyo yule Wattson aliyekwamisha mtaa mzima wewe unaingia kwake umetulia. Magneton wake ni umeme na chuma, pigo la ardhi linamuingia mara nne. Mwangalie tu Manectric wa levo 24 ana spidi, mpige mapema usimchekee.

Ila sasa usifanye kosa la kumtegemea Marshtomp peke yake. Kamata wengine mapema. Zigzagoon wapo wamejaa tangu njia za mwanzo na watu wanawadharau, wakati ana kipaji kinaitwa Pickup, anaokota vitu mwenyewe baada ya pambano, ukikaa naye kwenye timu bila hata kumpiganisha unakuta ameshika dawa au kitu cha kuuza, mchunguze mara kwa mara umtoe alichoshika ili aokote kingine. Akikua anakuwa Linoone, na huyo anabeba Cut, Rock Smash, Surf na Strength zote nne. Hii ni muhimu sana, zile amri za kukata miti na kusukuma mawe ukimfundisha Pokémon hazifutiki kawaida, mpaka ufike Lilycove kwa yule mtu anayefuta mapigo, sasa ukizijaza kwa mpiganaji wako mzuri umemharibia nafasi. Zibebeshe kwa Linoone. Kuruka mpe Wingull.

Pale Petalburg Woods tafuta Shroomish. Levo 7 anajifunza Stun Spore, hiyo ndo ya kupooza adui, na ndo silaha yako ya kukamatia. Kukamata kwenyewe kuko hivi: punguza damu ya unayemtaka ibaki kidogo nyekundu, mpooze, alafu ndo urushe mpira. Aliyepooza nafasi ya kumkamata inaongezeka mara moja na nusu, aliyelala inaongezeka mara mbili. Mtu anarusha mipira kumi kwa Pokémon mwenye damu imejaa alafu analalamika mipira mibovu. Na ukinunua mipira nunua kumi kwa pamoja, dukani wanakuongezea mmoja mweupe wa bure. Shroomish akifika levo 23 anageuka Breloom, majani na ngumi, huyo utakuja kunishukuru mbele.

Brawly wa Dewford, bosi wa pili, ni wa ngumi na anajiongezea nguvu kwa Bulk Up mpaka unachoka. Unaweza kufika kisiwani kwake ukamwacha kwanza, hakuna anayekulazimisha kupigana naye siku hiyo hiyo. Ingia Granite Cave, shuka chini kwenye giza, kamata Sableye. Sableye ni mzimu, na mapigo ya ngumi hayamgusi mzimu. Machop, Meditite na Makuhita wa Brawly wote mapigo yao ya kuumiza ni ya ngumi matupu. Yaani unakaa pale na Night Shade, polepole, wanapiga hewa. Ukiwa humo humo pangoni kamata na Makuhita, tutamuhitaji kwa bosi wa tano, Norman.

Ukishampelekea yule jamaa anaitwa Steven barua yake humo pangoni, rudi Rustboro kwa Mr. Stone, bosi wa kampuni ya Devon aliyekutuma, anakupa Exp. Share. Kuna wanaosahau kabisa kurudi! Mvalishe Pokémon dhaifu, anapata nusu ya mafunzo bila kupigana. Hivyo ndo unavyokuza timu nzima bila kukaa kwenye majani usiku kucha.

Hapa nataka nikae kidogo maana waliozoea Pokémon za siku hizi hawakijui hiki. Kwenye Emerald, pigo linatumia nguvu ipi inaamuliwa na aina yake, sio na pigo lenyewe. Moto, maji, majani, umeme, barafu, dragoni, giza na zile za akili zilizoandikwa Psychic, zote zinatumia Sp. Atk, yaani nguvu ya mapigo maalumu. Zilizobaki, kawaida, ngumi, ardhi, mawe, chuma, sumu, wadudu, mizimu na za anga, zinatumia Attack, nguvu ya mwili. Sasa mchukue Absol wa Route 120, kila mtu anamtaka kwa sababu anaonekana mkali, na Attack yake kweli ni kubwa, ila mapigo yake ya giza yanatumia Sp. Atk ambayo ni ya kawaida tu. Mpe Slash, mwanzishie Swords Dance, hapo unaona faida yake. Kabla hujamfundisha mtu pigo fungua ukurasa wake wa namba uangalie yupi mkubwa kati ya hizo mbili. Dakika moja tu, na inabadilisha timu yote.

Flannery wa moto, beji ya nne, Marshtomp anamaliza, twende mbele. Norman wa Petalburg ndo baba yako kwenye gemu na ana Slaking wa levo 31 ambaye kwa nguvu anatisha. Udhaifu wake ni mmoja, akicheza zamu moja lazima apumzike zamu inayofuata. Hesabu! Zamu anayopumzika ndo ya kunywesha dawa au kubadilisha mtu, maana hakudhuru. Makuhita wako kufikia levo 24 ashakuwa Hariyama, na Pokémon wa aina ya kawaida kama Slaking wanaumizwa na ngumi. Angalizo, huyo Slaking ana Counter, anaweza kukurudishia ngumi yako mara mbili, usimpige ukiwa na damu kidogo. Ukimshinda unapewa Surf kule nyumbani kwa Wally, yule dogo wa Petalburg, na pita nyumbani Littleroot mama akupe Amulet Coin. Aliyeivaa akiingia kwenye pambano hela ya ushindi inakuwa mara mbili.

Na hela itunze. Ukipoteza pambano timu yote ikazimia unapoteza nusu ya hela uliyonayo, kwaiyo kabla ya kuingia kwa bosi nunua dawa kwanza, alafu sevu. Ukiwa safarini kwenye Coaster ya Arusha usianze bosi mkiwa mmeshafika Usa River, katikati ya pambano hakuna kusevu, utashuka stendi umeshika mashine mkononi. Mapangoni tumia Super Repel, 500 tu, hatua 200 hakuna anayekusumbua.

Winona wa anga mpige umeme na mawe. Mapacha wa Mossdeep, Tate na Liza, wanakuja wawili wawili, na hapa Surf inapiga adui wote wawili kwa mpigo mmoja. Claydol, Lunatone na Solrock wote wanaumizwa na maji, Xatu ndo hapana. Usiwaze kuwapigia Earthquake, hao watatu wanaelea haiwafiki, utaishia kumuumiza mwenzako wa pembeni. Juan wa mwisho ni maji, Breloom na umeme vinatosha, ila Kingdra wake umeme hauumi sana wala majani, mpunguze taratibu.

Ever Grande, mji wa mwisho, usiende chini ya levo 48 hivi. Kule kuna wale wanne wakali wa mwisho, Elite Four, unapigana nao mfululizo, kusevu kati ya chumba na chumba unaruhusiwa, kurudi kutibiwa hapana. Sidney ni giza, Breloom na Hariyama wanafanya kazi. Phoebe ni mizimu, hapo ngumi na mapigo ya kawaida hayana maana, lete giza. Glacia ni barafu, ngumi tena. Drake ni dragoni, na kwake ndo utaelewa kwanini nasema uitafute Ice Beam, Altaria, Flygon na Salamence wote barafu inawaingia mara nne. Ipo kwenye Abandoned Ship baharini, chumba kinachofunguliwa na Storage Key, au unainunua Game Corner ya Mauville kwa koini 4000. Mpe Swampert wako, ndo yule Marshtomp akishakua.

Bingwa mwenyewe, Wallace, timu yote ni maji, ila usiingie na umeme peke yake. Gyarados umeme unamuua, Whiscash umeme haumgusi maana ana ardhi, huyo ni wa majani na ni mara nne. Ludicolo ni maji na majani, mpige za anga. Milotic wa levo 58 anajitibu, mpooze kwanza ndo umpige kwa nguvu, ukimuacha nusu nusu anarudisha damu mnaanza upya.

Ukimaliza, baba yako anakupa S.S. Ticket nyumbani, hiyo ndo inakupeleka kwa meli Battle Frontier, sehemu ya mapambano magumu zaidi. Na televisheni itaonyesha habari ya Pokémon anayeruka, mama atakuuliza ni wa rangi gani. Usibonyeze haraka haraka. Ukisema nyekundu anaanza kuzunguka Latias, ukisema bluu ni Latios, na jibu halibadilishwi.